Birika la Mama na Amri Iliyofutwa

Nyumbani,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Hujambo huko uliko? Kifua kimeacha kukusumbua? Vaa sweta, hata wenzako wakikucheka. Sisi tu wazima, na Mama sasa anatembea vizuri. Ndiyo maana nathubutu kukuandikia yaliyompata.

Birika lake jipya la umeme lilinyofoka mkono akiwa amelibeba, maji ya moto yakammwagikia pajani. Hospitali walimhudumia vizuri, ila hasira zote zilimwishia shemeji yako, kwa vile anafanya kazi ofisi ya usalama wa bidhaa. Alitaka mabirika yale yarudishwe kiwandani siku hiyo hiyo. "Mkwe, si wewe ndiye serikali?"

Masikini, hakuruhusiwa hata kuligusa jalada, kwa kuwa aliyeungua ni mama mkwe wake. Akamkabidhi mwenzake. Watu wengine nao walipoungua, bosi wao akapandwa na hasira, akatoa amri kiwanda kiyakusanye mabirika yote. Tulishangilia mapema. Kiwanda kilikwenda mahakamani, na jaji akaifuta amri. Sheria inairuhusu ofisi kusimamisha mauzo kwa muda tu; kulazimisha vilivyokwisha kuuzwa virudishwe, lazima kwanza mwenye kiwanda asikilizwe.

Hapa nyumbani kwa Mama, nilikokuja kumuuguza, hapakukalika. Shemeji yako akija kumjulia hali, Mama anageukia ukutani.

Halafu asubuhi moja akaniita. Unakumbuka manispaa walivyokivunja kibanda chake cha cherehani bila kumuuliza neno? Aliniambia taratibu, "Waache wasikilizwe. Mimi hakuna aliyenisikiliza."

Basi ofisi ikaitisha kikao cha kukisikiliza kiwanda. Mama alikwenda na mkongojo wake, akaeleza yote bila kutia chumvi. Fundi wa kiwanda akaleta birika jipya kuonyesha uimara wake, akalijaza maji, akalinyanyua, mkono ukabaki kiganjani na birika likabaki mezani. Nilijiuma mdomo nisicheke. Amri mpya imetoka, na safari hii imesimama. Mabirika yanakusanywa hadi majumbani.

Tulipotoka, Mama alimwegemea mkwe wake begani kushuka ngazi. Hakumwomba radhi, si unamjua. Alimwambia tu kwamba amekonda, aje ale.

Nisalimie wifi yangu, na umbusu mtoto mashavu yote mawili. Baba mdogo na shangazi wanakusalimu sana. Mungu akulinde, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi dada yako, nikupendaye daima.