Kofia ya Denzil

Dada Tamsin,

Asante kwa kunisukuma nije huku pwani msimu wa baridi. Maduka yamefungwa, wageni wameondoka, na ndege shakwe ndio wenye mji.

Kila asubuhi wanawake wa hapa huogelea baharini wamevaa kofia za sufu. Jana Morwenna, mwenye nyumba wangu, alinichokoza: "We mjane, unaogopa maji au unatuogopa sisi?"

Nikavaa kofia ya marehemu mume wangu, nikaingia. Baridi ilinitoa yowe, na yowe likageuka kile kilio kilichonigomea mazikoni.

"Lia, shoga!" walinipigia kelele huku wakitetemeka. "Sote tulianzia hapo!"

Sasa kofia ya Denzil inakauka juu ya jiko la Morwenna, katikati ya zao.

Mdogo wako,
Loveday