Ukuta wa Upande wa Ziwa

Jumatatu, 4 Septemba 2000

Udongo tena. Tangu asubuhi nakanyaga udongo, mchanga na mavi ya ng'ombe, kitenge kimefungwa kiunoni. Miguu haitamaniki. Nyumba hii ya shamba hapa Kibenga, kando ya ziwa kusini mwa mji, marehemu baba aliijenga kwa tofali mbichi, zisizochomwa, na bado imesimama, basi nami nairudishia kilekile. Vigae vyake, milango yake, chokaa. Simenti hapana. Nimefunga duka langu ili niifanye nyumba ya wageni. Ikinishinda, sina pengine.

Shabani, mdogo wangu, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuja kunicheka. Eti mfanyabiashara gani wa Kigoma atavuka ziwa alipe alale kwenye matope. Nimempa koleo.

Jumanne, 19 Septemba

Niko Buyenzi, mjini. Tumemzika shangazi. Nyumba nimemwachia Shabani. Hitima imekwisha lakini barabara ya kusini, ya kurudi kwangu, imefungwa: waasi na jeshi wanapigana milimani. Nakula wali wa watu na kuwaza kuta zangu.

Jumapili, 24 Septemba

Nimerudi. Ukuta wa upande wa ziwa umepigwa simenti, juu hadi chini. Laini, unang'aa. Shabani kasimama kando yake kama bwana harusi. Anasema hakutaka wageni wanicheke. Ameuza mashine yake ya kuchomelea ili anunue simenti ile.

Nilitaka kulia. Nikasema ahsante.

Alhamisi, 12 Oktoba

Mvua. Ukuta wa udongo unapumua. Ukiuziba kwa simenti, maji yanabaki ndani. Leo chini pamevimba kama shavu la mwenye jino bovu. Ukigonga, panalia patupu. Nimesogeza kabati pale ili Shabani asione.

Mama Neema, mfanyabiashara wa Kigoma aliyekuwa mteja wa duka langu, ametuma salamu kutoka bandarini. Akirudi mwisho wa mwezi anataka chumba chenye ukuta huohuo, kinachotazama ziwa. Mgeni wangu wa kwanza. Naogopa.

Jumanne, 17 Oktoba

Mizinga mchana kutwa. Watu wameshuka kutoka milimani, magodoro kichwani. Nimewafungulia vyumba vyote. Nikapita kuwaangalia, nikakuta akina mama wamesogeza kabati na kulaza watoto chini ya ukuta ule. Waliwachagulia mahali imara kuliko pote, risasi isipenye, ndivyo walivyoona. Nilishikwa na hofu ambayo mizinga haikunipa.

Nikawatoa wote. Nikachukua nyundo, Shabani akiniangalia. Simenti ikaanguka vipande vizima. Nyuma yake tofali zimekuwa uji.

"We ulijua tangu lini?"

Nikamwambia. Tangu siku niliyorudi.

"Na ukaniacha mi nafurahi?"

Akaondoka bila kula. Watoto wako salama, wamelala barazani. Mimi nimejichukia.

Alhamisi, 19 Oktoba

Shabani hajaja. Nabomoa.

Jumamosi, 28 Oktoba

Shabani alirudi Ijumaa ya wiki iliyopita baada ya swala. Salamu tu, basi. Akavua viatu akaingia kwenye udongo pamoja na akina mama waliobaki. Tumetoa tofali zilizooza, tumejenga kwa zile kavu nilizobakiza tangu kiangazi. Juu, chokaa. Siku zote hizi hatujataja mashine wala simenti. Nilimwomba radhi leo wakati wa chai. Akaomba sukari.

Mama Neema anafika kesho. Ukuta umenyooka, lakini nimekuwa nikiupapasa kila nikipita. Sina hakika nao. Shabani aliniona.

Baada ya magharibi akachukua mto wake, akaelekea chumba cha upande wa ziwa. Nikamkumbusha kwamba hicho ni cha mgeni.

"Apana, dada. Mutu wa kwanza kulala chini ya huu ukuta ni mi."

Akasukuma kitanda hadi kikagusa ukuta. Nikamtandikia shuka mpya. Isha haijaadhiniwa, tayari anakoroma.