Usiitike

Jumatatu, 6 Oktoba

Limau, sabuni ya kipande, halafu majivu. Bado nanuka. Jioni namwoshea Baba bolti na vyuma vya injini kwenye beseni la mazutu, ile dizeli chafu ya gereji, asubuhi nasugua mikono mpaka inachubuka, kisha naenda shuleni lise na harufu yangu. Hapa Buyenzi hakuna anayeisikia, nusu ya mtaa ni gereji. Darasani wanaisikia wote.

Mji mzima hauna petroli, magari yamelala kwenye foleni, halafu ninayenuka ni mimi. Ornella wa darasani kwetu ameona huo ni mzaha mtamu. Leo nimekuta bido tupu, dumu la mafuta, juu ya dawati langu, na kipande cha mpira wa kufyonzea. "Mazutu, tujazie!" akasema Ornella. Darasa likaangua kicheko. Divine, anayemfuata kama mkia, alicheka mpaka machozi.

Naitwa Aziza. Pale shuleni jina hilo nalisikia mwalimu akiita majina tu.

Jumatano, 8 Oktoba

Ornella amewasha kiberiti. Wakati wa mapumziko, nyuma ya maabara. Alisema anataka kuona kama nitawaka. Mkono wa sare ukashika moto kweli. Furaha, Mkongomani wa Uvira ninayekaa naye dawati moja, aliuzima kwa kuupiga na begi lake. Ornella mwenyewe alishtuka, niliuona uso wake. Halafu wenzake wakacheka, naye akacheka.

Nimemwambia Mama ni pasi ya mkaa. Nimelia chooni na maji yamefunguliwa. Namchukia. Naandika tena: namchukia.

Ijumaa, 10 Oktoba

Lengelenge limepasuka. Hata samahani ya uongo hakuna.

Jumamosi, 11 Oktoba

Sinema kwa baba mdogo Saidi, kama kila Jumamosi mchana. Chumba cha mabati nyuma ya duka la vipuri, mabenchi, televisheni moja kubwa. Mimi nyuma ya pazia na maikrofoni, natafsiri. Filamu zinasema Kifaransa, watu wanataka Kiswahili, na Kifaransa cha baba mdogo kinaishia bonjour. Baba alikubali kwa sharti moja: nisionekane. Binti kupayuka mbele ya wanaume, aibu. Kwa hiyo watu wanajua sauti tu. Wameibatiza Komando, wanabishana kama ni mwanamume au mwanamke.

Leo filamu ya kutisha. Wanafunzi wanamfungia mwenzao stoo ya shule, wanamsahau, anafia humo. Halafu anaanza kuwaita. Mmoja mmoja, kwa jina, mara tatu, kutoka nyuma ya mlango uliofungwa. Anayeitika amekwisha.

Kazi hii ina desturi yake. Mwigizaji hapewi jina lake la Kizungu, unampa jina la hapa hapa, watu wacheke. Jambazi unamwita kwa jina la muuza mishikaki wa kona. Na leo kulikuwa na yule msichana mwenye nywele nzuri, kiongozi wa waonevu. Nikampa jina Ornella. Siyo kwa bahati mbaya.

Filamu ilipofika kwenye ule mlango nikashusha sauti. Ornella. Nikasubiri. Ornella. Sinema nzima kimya, hata wanaokula karanga wameacha kutafuna. Ornellaaa. Yule wa kwenye filamu akaitika. Watu walipiga kelele mpaka mabati yakalia. Raha niliyoisikia pale sijawahi kuisikia, na ninajua ni vibaya kuiandika.

Jumapili, 12 Oktoba

Kumbe baba mdogo alikuwa anarekodi. Ameiweka kwenye flashi, inauzika. Vijana wamekata kile kipande cha kuita, kinazunguka kwenye simu.

Jumanne, 14 Oktoba

Kimefika lise. Simu zimekatazwa, lakini kila mtu anayo kwenye soksi. Wamemchezea Ornella kipande hicho uani. Wala hakuogopa. Alishika kiuno, akazungusha macho, akaitika kwa madaha: "Niko hapa, nambie!" Wote wakacheka. Hata mimi ningecheka kama ingekuwa ni mwingine. Hakuna aliyejua ile ni sauti yangu. Furaha pekee aliniangalia kidogo, kisha akaangalia daftari lake.

Ijumaa, 17 Oktoba

Wanamwita kila saa. Koridoni, chooni, nyuma ya mwalimu. Ornella. Ornella. Ornellaaa. Ameanza kukasirika, na akikasirika wanazidi. Wiki nzima hakuna aliyesema Mazutu. Nimekula andazi langu kwa amani, nimekaa juani. Nafurahi. Bwana wee, nafurahi kabisa.

Jumatano, 22 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Ngazi za shule zimejaa maji. Mtu alichezesha kile kipande nyuma ya Ornella wakati anashuka. Aligeuka. Mguu ukateleza. Alibingirika mpaka chini na mkono ukavunjika, mfupa niliuona kwa macho yangu.

Kabla hata gari halijaja kumchukua, Divine alishasema. Si aliitika? Jumanne ile, si mbele yetu wote aliitika? Basi. Ndani ya dakika chache shule nzima ilikuwa inasema hivyo. Aliitika. Amekwisha.

Mi najua ni ngazi zenye maji. Najua pia nani aliyeita.

Jumatatu, 27 Oktoba

Amerudi na plasta ngumu mkononi. Divine amehama dawati. Hakuna anayekaa karibu naye, hakuna anayemwazima kalamu. Akipita, wasichana wanajibana ukutani wasimguse, wengine wanafanya ishara ya msalaba. Simu zinamwita bado, ila sasa bila kicheko. Wanachezesha na kukimbia.

Mwalimu akaita majina. Alipofika kwake, kimya. Akaita tena. Ornella ameketi pale, ameng'ang'ania dawati kwa mkono mzima, midomo ameifunga. Mwalimu akaita mara ya tatu, kwa ukali. Mkojo ukamtoka. Tuliuona unapita chini ya benchi. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Nilitaka kusimama niseme. Ile ni filamu tu, ile ni sauti yangu, mimi hapa. Nikabaki nimekaa. Nikisema wataniita mchawi, na mchawi mji huu hafukuzwi shule tu. Kuna Baba, kuna gereji, kuna mapipa ya mazutu nyuma ya nyumba. Niliogopa. Ndiyo ukweli.

Alhamisi, 30 Oktoba

Hajaja jana, hajaja leo. Sili vizuri.

Jumamosi, 1 Novemba

Watu wameiomba filamu ile ile. Sinema imejaa mpaka mlangoni, nusu ni wanafunzi. Nikasema leo nitaigeuza. Kwenye ule mlango wa stoo, badala ya kuita mara ya tatu, nikasema: Ornella, mimi nimekusamehe, nenda nyumbani, ishi maisha yako. Lakini kwenye televisheni msichana alikuwa anaburutwa kwa nywele. Wakapiga miluzi. Komando amelewa! Maganda ya karanga yakarushwa kwenye pazia. Baba mdogo akaninyang'anya maikrofoni, akasema watu wamekuja kuona kisasi, mahubiri watayapata msikitini. Akaita mwenyewe mara ya tatu, kwa sauti yake mbovu, wakashangilia.

Ile ya msamaha hakuna aliyeirekodi.

Jumanne, 4 Novemba

Nimekwenda kwao. Nimetembea kwa miguu mpaka Mutanga Sud, kule mlimani kwa wenye nazo, jua la saa tisa, mikono nimeiosha kwa limau tena. Njiani nilikuwa nayapanga maneno. Nitamwambia yeye peke yake, mlango ukiwa umefungwa. Nitamwambia hakuna jini, hakuna mfu, ni mimi, na ni kwa ajili ya kiberiti. Anipige akitaka.

Mama yake alinifungulia mwenyewe. Nilidhani nitakuta mwanamke wa kunitazama kuanzia miguuni. Alinikumbatia. Alisema mimi ni rafiki wa kwanza kuja. Alinipa fanta, akaniuliza kwetu wapi, nikasema Buyenzi, akaanza kuongea nami Kiswahili chake cha kuokoteza. Wamempeleka hospitali, mkono unapona. Wamempeleka kwenye maombi, wamemfungisha saumu, wamemwekea mikono kichwani. Amejifungia chumbani. Chakula wanakiacha mlangoni. Alikuwa anaeleza huku anakunja na kukunjua kitambaa cha meza.

Halafu akanipeleka kwenye ule mlango. Mlango mweupe tu wa kawaida. Akaninong'oneza: "Haitikii tena mutu. Hata miye mama yake. Umuite weye, pengine atakuitikia."

Nilisema nitabisha tu. Akasema wamebisha mpaka wamechoka. Nilisema labda kesho. Akanishika mkono, huu huu wenye kovu. "Muite, binti yangu. Mara moja tu."

Nikaita. Taratibu, kwa upole wote nilionao. Ornella.

Ndani kitu kikaanguka. Kisha akaanza: apana, apana, apana, sauti ikipanda juu, juu zaidi, mpaka ikawa siyo neno tena. Alikuwa anapiga kitu ukutani. Nadhani ni ile plasta. Mama yake akaanza kuusukuma mlango kwa bega, analia, anaomba Yesu.

Nikasema: ni mimi. Nikasema kwa sauti: ni mimi, ni mimi! Mama yake akageuka na machozi yake, akaupigia mlango kelele: "Si unasikia? Ni mwenzako! Ni rafiki yako ndiye anakuita!"

Alidhani namwambia Ornella asiogope. Mimi sikumsahihisha. Nimeshuka ule mlima mbio, fanta imebaki mezani.

Jumatano, 5 Novemba

Sikwenda shule. Nimesema tumbo.

Ijumaa, 14 Novemba

Ornella wamempeleka kwa bibi yake, mkoani Ngozi. Masomo ataanza mwakani, ikiwezekana. Leo mwalimu ameliruka jina lake bila kusita.

Divine ananiita Aziza siku hizi. Amenihifadhia kiti karibu naye. Asubuhi alimtazama Furaha, akaniuliza chini chini kama na mimi nasikia harufu ya ndagala, wale dagaa wa kwao Uvira. Nimekaa na Furaha. Nadhani anajua tangu siku ya kwanza kwamba ile sauti ni yangu.

Sinema nimeiacha. Baba mdogo amenuna, amepata kijana fulani. Wanasema hajui Kifaransa, anabuni tu, na watu wamempenda.

Jioni bolti, kama kawaida. Nilikuwa peke yangu uani, mikono ndani ya beseni. Mama akaniita kutoka jikoni. Aziza. Nikaacha kusugua. Aziza. Nikaangalia mlango. Aziza! Nilimsikia mara zote tatu, na nilijua ni yeye. Mwishowe alitoka mwenyewe, mwiko mkononi.

"We, si nakuita?"

Nikamwambia sikusikia. Akasema ugali unapoa, nikanawe.