Levye ya Coccinelle ya Papa

Jumatatu, tarehe 8 mwezi wa saba 2024

Bona, mdogo wangu, amesema leo. Nilijua siku moja atasema. Sikujua kwamba atasema mezani, mbele ya watoto, sombe ya majani ya muhogo ikiwa bado ina moto.

Gari ya Papa, ile Coccinelle, Volkswagen ndogo ya mgongo wa mviringo, iondoke. Jumamosi hii. Amepata watu wa vyuma vizee wenye lori, watakuja kuibeba. Kwenye ile kona ya parseli, kiwanja chetu, anataka kujenga vyumba viwili kabla mvua haijarudi.

Siwezi kumlaumu ndugu yangu. Ziwa lilipopanda mwezi wa nne liliingia nyumba yake ya Kalundu mpaka madirishani. Tangu hapo yeye, mke wake Chance na watoto wao wanalala sebuleni, katika salon yetu, mikeka mpaka mlangoni. Chance hajalalamika hata mara moja. Asubuhi anakunja mikeka kabla sijaamka, kama mgeni. Afadhali angelalamika!

Papa akamaliza kula, akanawa mikono. Kisha akasema, bila kumtazama Bona:

"Itaondoka. Lakini si juu ya lori. Itatembea yenyewe mpaka Mutarule, kwao mama yenu. Nduwimana ana nafasi kwenye parseli yake."

Nduwimana ni mjomba wetu, kaka yake Mama.

Bona akacheka kidogo, si kwa ubaya. "Papa, ile gari haina hata levye."

Papa akageuka kuangalia ukuta. Levye iko pale, imening'inia kwenye msumari karibu na rozari ya Mama, tangu tulipotoka Kigoma. Fimbo ya chuma ya kubadilishia vitesi, zile gia za gari, imepinda kidogo, kichwa cheusi cha mviringo. Wageni wengine wanadhani ni kitu cha kuombea.

Jumanne, tarehe 9

Nimeshona sare za shule toka asubuhi. Mikono iko kwenye cherehani, akili iko 1996.

Nilikuwa na miaka kumi na tano. Mwezi wa kumi, saa za mchana, jua kali. Milio ya bunduki ilikuwa inatoka upande wa tambarare na watu walikuwa wanapita barabarani na magodoro kichwani. Mama alitaka twende na gari. Miguu yake ilikuwa inavimba tayari. Papa akakataa: kwenye kizuizi cha kwanza cha askari wataichukua, na sisi pamoja nayo. Akapiga magoti ndani ya Coccinelle, akafungua zile bulo mbili, boliti za chini, akaing'oa levye yote kama mtu anayeng'oa muhogo.

"Gari bila levye ni kibanda cha kuku," akasema. "Waiache."

Na waliiacha kweli! Tuliporudi 2003 viti vilikuwa vimeenda, matairi yameenda, vioo vya taa vimeenda. Lakini gari ilikuwa pale pale, na kuku ndani.

Tulitembea kwa miguu mpaka Baraka. Bona alikuwa na miaka sita, mabegani mwa Papa. Levye aliibeba Mama ndani ya mzigo wake. Halafu mtumbwi wa moteri mpaka Kigoma, halafu kambi. Kule kambini Mama alitwanga vitunguu saumu kwa levye ile. Alifukuza mbwa nayo. Wanawake wengine wakijisifu kwamba wao walifika kwa lori, yeye anajibu: "Sisi tuna gari yetu. Mkono umeshafika, mwili uko njiani." Wanacheka mpaka wanajifuta machozi.

Nimecheka peke yangu hapa. Mteja akaniangalia — Dada Eliane, ni sawa?

Ni sawa. Nilikuwa namwona Mama akilini, siku zile za Jumapili, baada ya misa, tunaenda Kavimvira, madirisha yote wazi, mandazi yamefungwa kwenye gazeti juu ya mapaja yangu, na harufu ya esanse, mafuta ya gari. Papa akishika levye, Mama naye anaweka mkono wake juu ya mkono wa Papa. Wanabadilisha vitesi pamoja. Sikuwahi kuona wazazi wengine wakishikana mikono mchana.

Jumatano, tarehe 10

Gédéon mekanisiye amekuja. Yeye na Papa wamezoeana. Ni yeye anayemsaidia kila Noeli kuwasha moteri, inanguruma kidogo, watoto wa jirani wanapiga makofi, halafu Papa anaizima. Viti wamepata, matairi wamepata, breki zinashika. Levye peke yake hairudishwi. Miaka yote hiyo nilidhani ni huzuni tu.

Papa aliitoa ukutani yeye mwenyewe. Akaipangusa kwa kitambaa na mafuta, polepole, mpaka kile kichwa cheusi kikang'aa. Gédéon akainua mpira wa chini, akaingiza vidole kwenye tundu.

"Papa Thaddée, resori, ile springi ya levye, iko wapi? Na ile plaki ndogo ya chuma inayokaa chini yake?"

Papa akaendelea kupangusa levye. Gédéon akarudia — bila resori levye itacheza ovyo, bila plaki haitajua vitesi viko wapi.

Basi Papa akakaa kwenye ukingo wa gari, miguu nje, akasema. Vile vidogo Mama ndiye aliyevitunza. Alivifunga fundo kwenye pembe ya kitenge chake, kile cha samaki wa buluu, visipotee njiani. Mama alipokufa, 1999, tulimzika na kitenge kile. Papa alikumbuka tukiwa tunatoka makaburini.

"Wenzangu wakaniambia tufukue," akasema. "Kwa ajili ya chuma? Nikakataa."

Nikaingia jikoni. Nikasimama tu, sikuwa na kitu cha kufanya mle. Mimi ndiye niliyemfunga Mama kitenge kile. Nilishika kitu kigumu kwenye pembe. Nilidhani ni medali ya Bikira Maria.

Alhamisi, tarehe 11

Kazi siku nzima! Sijaenda kushona.

Gédéon alipata resori kwenye vyuma vyake, akaikata. Plaki akaitengeneza kwa kipande cha jembe la zamani, Papa akimchorea umbo kwenye kartoni. Upande mmoja umeinuka kidogo, hilo Papa anakumbuka. Lakini upande upi? Wa dreva au wa abiria? Hapo wakabishana kama watoto.

"Huku, Papa."

"Weye ulikuwa bado hujazaliwa!"

"Nilikuwa nimezaliwa, nilikuwa Rurambo, nachunga."

Wakaweka kwa upande wa Papa. Vitesi ya kwanza haikupatikana, levye iligonga kitu kama mlango uliofungwa. Bulo zikafunguliwa tena. Levye nje, plaki ikageuzwa, grisi ikaongezwa, levye ndani. Papa akakanyaga klachi, akasukuma. Ikaingia! Gari ikaruka mbele kidogo, kuku wakatawanyika. Ya pili. Ya tatu. Ya nne wakaijaribu moteri ikiwa imezimwa. Chance alitoka nje na unga mikononi, akapiga vigelegele. Papa hakucheka. Alikuwa ameshika kile kichwa cheusi kwa mkono mmoja tu na anaangalia kiti cha pembeni.

Bona alirudi kutoka bandarini, akapita bila salamu. Nilimfuata kwenye bomba la maji.

"Yaya, dada yangu, hata weye?" akaniuliza.

"Ni mpaka Mutarule tu, Bona. Kona itabaki yako."

"Na ikizimika njiani? Papa ana miaka themanini na moja." Akanawa uso, akakaa na maji kwenye ndevu. "Nyinyi muko namkumbuka Mama kwenye hii gari. Minye nakumbuka mgongo wake tu, tukiwa tunatembea. Sikumbuki hata sauti. Halafu kila asubuhi naruka juu ya watoto wangu ili nitoke nje."

Nilimpa taulo.

Ijumaa, tarehe 12

Bona amelithibitisha lori hata hivyo, watakuja saa nne. Papa anataka kutoka saa tatu. Amenyoa ndevu. Amenipigia pasi shati lake — nasema vibaya, mimi ndiye niliyepiga pasi, yeye alisimama kuhakikisha.

Nitakaa mbele, amesema. Nikasema sawa. Kisha nikaenda kushona kitambaa cha kile kiti, kilikuwa kimepasuka.

Jumamosi, tarehe 13

Naandika ndani ya gari, na moteri inanguruma, ndiyo maana mwandiko uko hivi.

Tulichelewa. Majirani walitaka kusukuma, wengine walitaka picha. Papa akatoka kwenye parseli kwa ya kwanza, akaingiza ya pili, na mimi nikapiga kelele kama msichana. Avenue yetu nzima ilikuwa nje! Tukafika kwenye ile sehemu nyembamba, mtaro huku, mtaro huku. Ndipo lori likaingia kutoka barabara kubwa. Bona yuko mbele, pamoja na dreva.

Pua kwa pua.

Dreva akatoa kichwa: "Mzee, rudi nyuma kidogo!"

Papa akakanyaga klachi, akaibana levye chini, akaivuta. Chuma kikalia. Akajaribu tena. Kikalia zaidi. Juzi ya kurudi nyuma hawakuijaribu hata mara moja, parseli haikuwa na nafasi ya kurudi nyuma. Nilimtazama usoni — hakuwa anaigiza.

"Eliane, waambie haina marshi arieri."

Nikawaambia. Pikipiki zinapita pembeni, motari mmoja anacheka. Dreva akapiga honi. Bona akashuka, akaja mpaka kwenye dirisha la Papa.

"Papa, ukiizima hapa haitawaka tena."

"Ndiyo maana siizimi."

Bona akainama. Akaangalia levye, akaangalia kiti changu na kitambaa chake kipya. Nilidhani atagomba. Akauliza, kwa sauti ndogo: "Mama alikuwa anakaa hapo?"

"Hapo hapo," Papa akasema. "Weye ulikuwa nyuma, unasimama juu ya kiti. Hukukubali kukaa."

Bona alirudi kwenye lori, akaongea na dreva. Dreva anatikisa kichwa, anaonyesha mtaro, anaonyesha saa yake. Bona anaongea tena, mikono juu. Sasa amemwacha, anapita pembeni mwa lori, anakanyaga ukingo wa mtaro, anaelekea nyuma yake.

Simwoni tena. Nasikia tu sauti yake huko nyuma ya lori, anawapigia kelele wenye pikipiki wapishe, lori lirudi nyuma.

Papa ameingiza ya kwanza. Mguu uko kwenye klachi. Anangoja.