Kwa Micah Kihara, Aliyewanyima Tumbili Majina

Mwaka umetimia, Baba, tangu moyo wako uliposimama ghafla hapa nyumbani Subukia, Septemba 2007. Buti zako za mpira bado ziko mlangoni. Hakuna aliyethubutu kuzivaa.

Ulikuwa dereva wa lori. Siku moja ulikuta tumbili amefungwa mnyororo nje ya baa moja Salgaa, walevi wakimnywesha pombe na kucheka. Ulimsumbua mwenye baa mpaka akachoka nawe, akakuachia tumbili huyo, ukaja naye nyumbani. Wengine wakafuata, hadi ukaacha lori ukajenga vizimba nyuma ya nyumba.

Majirani walilalamika: "Kihara, sisi tunafukuza hawa kwenye mahindi, na wewe unawaleta na lori!" Ulicheka nao, ukaongeza uzio. Na mgeni akimcheka tumbili aliyenyonyoka manyoya, ulikitazama kipara cha mgeni huyo ukasema, "Nyani haoni kundule."

Kwetu ulikuwa mpole kupita kiasi. Kwa tumbili ulitoa amri: tusiwalishe kwa mkono, tusiongee nao, na jina tusiwape kabisa.

"Ukimpa jina ataitika," ulisema. "Akimwitikia mtu, atafungwa tena."

Walipoanza kutukimbia uliwarudisha msituni, na hukugusa chakula siku hiyo. Tulijua unaumia.

Ulipotuacha lilibaki kundi moja, na ndani yake jike mwenye kovu la mnyororo kiunoni. Alikaa akiutazama mlango, akisubiri buti zako. Mama alisema, "Wengine waende. Huyu mniachie, na yeye amefiwa." Nani angemkatalia? Kundi halitenganishwi, basi lote likangoja.

Ghasia za uchaguzi zilipoisha na barabara kutulia, mwezi wa Aprili, Mama mwenyewe alimwambia Cheptanui, msaidizi wako ambaye hakutuacha hata Januari, kabila lake na letu yalipopigana: "Wapeleke wote. Mzee atanigombeza."

Wiki iliyopita Mama alikutana nao ukingoni mwa msitu. Jike yule alikuwa na mtoto kifuani. Mama alitaka kumwita, akakumbuka hana jina. Jike akamtazama kidogo, akapanda mti, akaenda zake.

Mama alirudi akilia na kucheka. "Amenipita kama hatujuani!"

Umefaulu, Baba. Wao wamekusahau, kama ulivyotaka.

Lakini sisi ulitupa majina, na bado tunaitika: mkeo Wachuka, wanao Gachanja, Becky na Ngigi, na Cheptanui, uliyemwita binti yako. Sisi tutakukumbuka daima.