Mwanangu Anataka Kulipiza Kisasi Dhidi ya Ndege Isiyo na Rubani

Shangazi Dilbaro wa redio, salamu nyingi, naomba unishike mkono maana sina wa kumwambia. Mimi ni mjane wa huku milimani, mji wa Mir Ali, mume wangu Painda aliuawa na ndege isiyo na rubani katika chumba chetu cha wageni, na hakuwa mpiganaji, alikuwa fundi wa pampu za maji, ila kamanda mmoja alipiga hodi akaomba mkate, na kwetu mgeni hafukuzwi hata akiwa shetani, basi nikaoka, Painda akampelekea chai, kombora likaja. Majirani walisimama mbali wakisikia vilio, maana kombora la pili huwafuata waokoaji, na walipothubutu kuja Painda alikuwa ameshanyamaza.

Linalonitafuna ni hili, Shangazi: kamanda yule ndiye aliyeamuru kaka yangu achinjwe kwa kuwafundisha wasichana kusoma, na mtu alipopiga kelele kwamba kamanda amekufa, nilisema Alhamdulillahi kwa sauti, nikiwa sijajua kwamba Painda alikuwa bado mle ndani. Mwanangu Zarwali hayajui hayo, habari za mjomba wake tulimficha kwa kuogopa ulimi wa kitoto, kwake kamanda ni shahidi aliyekufa pamoja na baba yake, na mama mkwe wangu kila akimpakulia chakula humwambia, "Baba yako alikuwa mwanamume. Wewe je, nikununulie bangili za kike?" Sasa watu wa kamanda wamemwahidi fulana ya mabomu, ataondoka Ijumaa kwenda soko la mji wa Bannu, naye ananiambia, "Mama, usilie, si ndiyo mila yetu?" Nikimweleza atanichukia, nikinyamaza nitamzika, kama kutabaki cha kuzika. Nifanyeje?

Mama Zarwali,

Pole, dada yangu, pole sana. Sasa nisikilize, maana nimekukasirikia. Mumeo hakuuawa na shukrani zako. Aliyerusha kombora hakuuliza nani mwenyeji, nani mgeni. Na wale wanaojisifu kwamba ndege zao zinamaliza ugaidi, waje kwako waone: wamemwondoa kamanda mmoja, na nyumba ileile inawatolea mwingine. Hilo nalisema redioni, atakayenuna anune.

Lakini wewe nawe! Mama mkwe anachochea moto, nawe umekaa tu? Mficha maradhi kifo humuumbua. Kisasi chetu kina jina la mtu, na wazee wetu hawajawahi kumruhusu yeyote amuue asiyeua. Muulize Zarwali: "Aliyemuua baba yako anauza nini sokoni Bannu?" Maana huko ndiko watakakompeleka na fulana yao. Hawampeleki kwenye ndege. Wanampeleka kwa wauza nyanya.

Mwambie leo, usingoje Ijumaa. Mwambie habari za mjomba wake na hiyo Alhamdulillahi yako pia, mbele ya bibi yake, naye asikie. Akiinuka kuondoka, vua shela yako uitandaze kizingitini. Mwanamume wa kwetu haikanyagi shela ya mama yake. Kisha mpandishe basi la kwenda kwa ndugu zako Karachi kabla wale jamaa hawajarudi kumchukua.

Atakuchukia, sikudanganyi. Huenda asikusemeshe miaka. Lakini mwana mwenye chuki hula, hulala, huoa, huzaa. Mwache akuchukie.