Funza Waliopanda Ukuta wa Chupa

Mama yangu mpendwa,

Kamwene. Mgongo umepoa? Mimi huku Ujerumani ni mzima. Baridi hainisumbui, nimekulia Igowole. Wenzangu waliotoka Dar ndio wanaotia huruma.

Nimeandika barua kwa sababu simu yako ya kitochi haiwezi kuonyesha picha niliyoweka humu. Usicheke, mama. Baba mdogo aliposema kilabuni kwamba nimevuka bahari kusoma inzi, alisema kweli. Ni wale wale wadogo wenye macho mekundu wanaozengea pombe yako ya ulanzi. Tunawafuga kwenye chupa, tunachukua funza wao, tunatoa tezi za mate na kuzitazama kwa hadubini. Ndani yake mna kromosomu, nyuzi zinazobeba urithi wa mzazi kwenda kwa mtoto.

Wenzangu walikuwa wanaziona, mimi naona ukungu mtupu. Profesa wangu, mama mmoja mpole asiye na mzaha, akaniambia nisipoweza hadi mwisho wa muhula, atanirudisha nyumbani. Nililia, sikufichi.

Asubuhi moja akanikuta nafanya usafi. Unajua ulivyonilea: chombo cha ulanzi kikiwa na mdudu ukingoni, hakiuzwi. Basi kila siku nilikuwa nawafuta funza waliopanda ukuta wa chupa na kuwatupa, nabakiza waliojichimbia kwenye chakula. Akanishika mkono.

"Hao unaowatupa ndio tunaowatafuta," akasema.

Kumbe funza akishiba na kukomaa ndipo hupanda. Wa chini bado wachanga, tezi zao hazijajaa. Nilicheka mpaka naye akacheka.

Hapo hapo nikachukua mnene mmoja wa ukutani, nikamvuta kichwa, tezi zikatoka. Nikatia rangi, nikafunika kwa kioo chembamba, nikakandamiza kwa kidole gumba bila kutikisa. Nilipoinama kwenye hadubini, hizo hapo, ndefu, zina mistari myeusi na myeupe kama kikapu cha nyasi za milulu. Ndiyo picha hiyo. Siku hizi wenzangu wananiita niwakandamizie vioo vyao, na sioni haya kusema mkono wangu unawashinda wote.

Nisalimie bibi, na kaka aliye kiwandani Mgololo. Baba mdogo mwambie inzi wamefaulu.

Profesa amekubali nibaki mpaka nimalize. Najua kanisani ulikuwa unaniombea nirudi, mama. Mimi huku niliomba nibaki. Mungu ametusikia wote wawili, akajibu ombi langu. Naomba usinikasirikie, wala usimkasirikie yeye.

Mwanao akupendaye,
Tumaini